Mgeni Naye Ana Haki Barabarani

Wapo wasemao kwamba dereva mgeni akigonga mtu atiwe ndani kwanza, maswali baadaye. Nimeyasikia hayo Musoma na Bunda, yakisemwa na watu wazima wenye akili zao. Mimi nayakataa.

Barabara itokayo Sirari hupita Makutano, penye njia ya Butiama, ikaenda Bunda hadi Mwanza. Madereva wa Kenya huitumia usiku na mchana. Ajali ikitokea, Mkenya huyo hana shangazi wa kumletea chakula mahabusu wala jirani wa kumwekea dhamana. Je, ugeni wake ndio kosa? Polisi apime barabara, achore ramani, breki zikaguliwe, majeruhi wapewe PF3, mashahidi wasikilizwe. Hapo ndipo kosa hujulikana, si kwenye namba ya gari.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unataka mgeni aliyekamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Hiyo si fadhila ya mkuu wa kituo. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuhesabiwa mkosaji kabla ya hukumu.

Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali huko Dakawa, Morogoro. Dereva wa gari lililogongana na lake alikuwa kijana wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC. Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, ndiye aliyelitangazia taifa msiba ule redioni. Nchi ililia, hata hivyo kijana yule alifikishwa mahakamani. Kama sheria ilitosha kwa msiba mzito kama ule, kwa nini isitoshe kwa lori la mahindi lililopata ajali Bunda?

Lakini simtetei mgeni atoroke. Mwaka 2019, huko Uingereza, mama mmoja Mmarekani, mke wa mtumishi wa serikali yao, aliendesha upande usio wake, akamgonga kijana Harry Dunn, akafa. Mama huyo akapanda ndege kwa kinga ya kibalozi. Hukumu ilikuja Desemba 2022: kifungo cha miezi 8, tena kilichoahirishwa. Huo nao ni uonevu, maana marehemu naye alikuwa na mama.

Mgeni asinyonywe, wala asibembelezwe. Kesho mtoto wetu atashika usukani Nairobi au Kampala. Jinsi tunavyotaka atendewe yeye huko, ndivyo tumtendee mgeni hapa.