Wufa Yako Inakudanganya, Msee wa Kinanda

Wasee wa kinanda wa Kitale na Bungoma, leo ni yenu. Kama uko na kibodi kwa nyumba na kando yake umesimamisha wufa kubwa yenye taa za buluu na nyekundu, hiyo si spika ya mazoezi. Hiyo ni chawa. Kazi yake ni kukusifu tu. Na ukisifiwa kila siku ukiwa peke yako chumbani, siku utaitwa kupiga harusi Kanduyi utajua hujui.

Nasema hivi kwa sababu naona pesa ya vijana ikipotea. Mtu anaendesha boda, mwingine anavuna mahindi ya wenyewe huko Trans Nzoia, anaweka akiba kidogo kidogo. Akifika dukani anaulizwa swali moja: "Unataka yenye inagonga?" Hakuna mtu anamuuliza anaenda kufanya nayo nini.

Tuanze na uongo wa kwenye katoni. Unaona imeandikwa wati 10,000 PMPO. Mimi niliacha chuo, lakini hii hesabu haitaki digrii. Soketi ya kawaida ya Kenya ni ampea 13, stima yetu ni volti 240. Zidisha, unapata wati 3,120. Hapo ndipo soketi inafika. Sasa hizo elfu kumi zinaletwa na malaika? PMPO haina kanuni moja ya kuipima, kila kiwanda kinahesabu vile kinapenda. Geuza hiyo mashine usome kibandiko cha nyuma, chenye kinaonyesha inakula wati ngapi. Ukikuta 60, umepata jibu lako. Namba ya kutafuta ni ile imeandikwa RMS, nguvu yenye spika inaweza kushikilia, si ya kupepesa jicho.

Halafu kuna chumba chenyewe. Wengi wetu tunakaa kwa kile cha futi kumi kwa kumi, kuta za mawe, mabati juu. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa chumba cha huo upana, mawimbi yanagonga ukuta, yanarudi, yanajazana karibu na hezi 56 na tena karibu na 112. Na kwa sababu urefu na upana ni sawa, shida inajirudia pande zote mbili.

Sasa angalia kibodi yako ya funguo 61. Ufunguo wa kwanza kabisa kushoto ni C ya kama hezi 65. Ukipanda, A ya kwanza unayokutana nayo ni hezi 110. Gonga hiyo A, kisha gonga jirani zake. Kwa vyumba vingi vya kumi kwa kumi, A itanguruma kama trela ya miwa ikipita Webuye. Si eti mkono wako ni mzito, ni ukuta. Na kama wufa umeisukuma kwa kona, umeongeza besi juu ya besi. Mkono wa kushoto umegeuka uji. Huwezi kusikia kama noti umeikata mapema ama umeiacha ikalala. Huwezi kusikia kama kidole kimegusa funguo mbili. Kila kitu kinasikika kitamu, kwa hivyo hurekebishi chochote.

Jumapili unaingia kanisani, kuna msee wa gita la besi. Wewe pia uko huko chini, mnakanyagana. Fundi wa mitambo anakushusha mpaka usisikike. Ukitoka hapo unalaumu mitambo ya kanisa.

Najua mtasema, "Lakini kanisani spika ni kubwa, lazima nizoee." Hapana. Kanisa ni ukumbi, na miili ya watu inameza sauti. Chumba chako si ukumbi. Wengine watasema bila besi muziki hauna ladha. Mwangalieni mpiga litungu wa hapa kwetu Bungoma. Nyuzi saba, hakuna wufa. Kila uzi unasikika, na akikosea kila mtu anajua. Ndiyo maana vidole vyake ni safi.

Hata studio kubwa za ulaya na Marekani zilijua hii kitu. Yamaha walitoa spika inaitwa NS-10 mwaka wa 1978, wakitaka iwe ya nyumbani. Ilikuja kupata jina studioni, kwa sababu kazi mbovu ikipita hapo inasikika mbovu. Ilitengenezwa mpaka 2001. Watu walilipia ukweli, hawakulipia utamu.

Basi ununue nini? Kwanza hedifoni za waya, zile zinafunika sikio lote. Bluetooth iache, inachelewesha sauti, unagonga sasa unasikia baadaye, na mdundo wako unaharibika. Pili, pesa ikikubali, spika mbili ndogo za studio za inchi 4 ama 5, zenye amplifaya ndani. Haikubali? Tafuta spika mbili za mtumba zinazofanana, za redio ya zamani, na amplifaya ndogo. Usikubali ukijaribishiwa na wimbo wa simu. Beba kibodi yako, zima ile kitu ya kupima nguvu ya kidole, upande pole pole kutoka kushoto hadi kulia. Noti zikiruka na zingine zikizama, mwambie mwenye duka asante, uende.

Nyumbani ziweke usawa wa masikio, wewe na hizo spika mbili mkae pembetatu, mbali na kona. Godoro na nguo za ukutani zitapunguza makali ya juu. Besi hazitaiguza.

Na masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza 3, muda unakatika nusu, kwa hivyo kwa desibeli 89 umebaki na saa 5. Kando na hiyo, kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinabana mitaa ya makazi zaidi kuanzia saa mbili usiku. Mama wa nyumba ya pili ana mtoto mchanga, na sheria iko upande wake.

Wufa si dhambi. Kwa sherehe washa, tucheze wote. Lakini kwa mazoezi, nunua kitu kinaweza kukuaibisha ukiwa peke yako, ndio usiaibike mbele ya watu.