Mambo ya Nyumbani: Sufu ya Pambo na Sufu ya Kazi

Nyakarenzo ni nchi ya vilima katika wilaya ya Rusizi, upande uliojulikana kama mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006. Mtu aliyeshinda katika mashamba ya mpunga ya Bugarama, bondeni karibu na mto Rusizi, mahali palipo chini kuliko pote nchini Rwanda, hutokwa na jasho mchana kutwa. Apandapo vilimani jua likichwa, jambo la kwanza aulizialo ni sweta. Kwa Kinyarwanda sweta na mpira wa kuchezea huitwa kwa neno moja, umupira, na katika nyumba yenye watoto vitu hivyo viwili ndivyo vitafutwavyo kila siku.

Katika tarafa hiyo yupo mama mmoja, mke wa askari polisi, ambaye sindano zake za kufumia hazilali. Masweta ya wanafunzi ndiyo kazi yake ya mwaka mzima. Kofia, soksi na shali za watoto wachanga huja kwa maagizo. Ufundi huo aliupata kwa shangazi yake, na faida yake ndiyo inunuayo madaftari na sabuni kabla mshahara wa mumewe haujafika.

Siku moja alijiwa na jirani yake, mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi minane, ambaye mumewe ni mwanajeshi na wakati huo alikuwa kazini mbali na nyumbani. Mkononi alishika madonge matatu ya uzi aliyoyanunua Kamembe: meupe kama maziwa, yenye manyoya marefu, na ndani yake nyuzi za rangi ya fedha zikimetameta.

"Mama, nataka kofia, soksi na glovu za mtoto, vyote kwa uzi huu. Baba yake akija likizo amkute mwanawe amependeza."

"Uzi unavutia, mwanangu. Niachie niujaribu kwanza," akajibu mwenyeji wake.

Yule kijana akaweka mezani fedha zote za ufundi kabla kitanzi kimoja hakijafumwa. Fedha hizo zilikuwa na kazi tayari, kwa kuwa mtoto wa tatu wa nyumba hiyo alihitaji viatu vya shule.

Usiku, watoto walipolala, mama huyo alifanya kama alivyofundishwa: alifuma kipande cha majaribio. Kwa uzi wa kawaida wa unene wa kati na sindano za milimita 4, vitanzi 22 hutoa upana wa sentimita 10. Kipande hicho si kupoteza wakati. Sweta ya kifua cha sentimita 70 huhitaji vitanzi 154 kwa kipimo hicho. Lakini mkono ukilegea kidogo, vikawa vitanzi 20 tu katika sentimita 10, vitanzi vile vile 154 vitatoa sentimita 77, na mtoto atavaa sweta ya kaka yake. Saa moja ya majaribio huokoa wiki nzima ya machozi.

Kwa uzi ule mweupe mambo yalikuwa magumu. Manyoya yalifunika vitanzi, hata macho hayakuviona. Alidondosha vitanzi viwili asijue, naye akagundua mwishoni, alipohesabu vilivyobaki kwenye sindano. Alipotaka kufumua, manyoya yalikuwa yameshikana, na uzi ukakatika. Kisha akalowesha kidole, akakipitisha juu ya kipande hicho. Kidole kilirudi kimevaa manyoya.

Hapo yafaa kueleza sufu za pambo ni kitu gani, kwa kuwa madukani zimejaa na majina yake ni mengi. Kuna uzi wa bukle, uliosokotwa kwa makusudi ukajaa vijipete. Jina lake latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kujikunja kama nywele. Kuna shenili, uzi laini kama mahameli, ambao kwa Kifaransa jina lake ni kiwavi, na aliyeutazama kwa karibu hawezi kulibisha jina hilo. Kuna uzi mnene hapa na mwembamba pale, kuna uzi wenye kung'aa kama madini, na kuna huu wa manyoya, ambao aghalabu hutengenezwa kwa poliesta na wala haukumjua kondoo.

Mbali na hizo kuna sufu ambazo upekee wake umo katika mnyama mwenyewe. Merino ni sufu nyembamba ya kondoo wa asili ya Hispania, isiyowasha shingoni. Mohairi hutoka kwa mbuzi wa Angora, jina la zamani la mji wa Ankara nchini Uturuki. Siku hizi mbuzi hao hufugwa zaidi Afrika Kusini na Lesotho. Sufu iitwayo angora haitoki kwa mbuzi huyo. Hutoka kwa sungura mwenye jina hilo, nayo ni nyepesi na yenye joto kupita sufu ya kondoo.

Wala isidhaniwe kwamba sufu za namna hiyo ni mambo ya Ulaya pekee. Huko Musanze, kaskazini mwa Rwanda, akina mama wa kikundi cha Handspun Hope husokota kwa mkono sufu ya merino na ya sungura wa angora, wakaitia rangi itokanayo na mimea. Huko Njoro nchini Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 huwapa akina mama wa mashambani kazi ya kusokota na kufuma wanasesere wa sufu wauzwao hadi ng'ambo. Katika vikundi hivyo thamani huanzia kwenye uzi wenyewe: mfumaji ajua umetoka kwa mnyama gani na umetiwa rangi gani.

Yule mama wa Nyakarenzo hakuwa na habari hizo juu ya uzi uliokuwa mezani pake, kwa kuwa karatasi yake ilikwisha kutupwa. Akatumia njia ya zamani. Alikata kipande kifupi, akakishika kwa koleo juu ya beseni la maji, mbali na watoto, akakisogeza kwenye moto. Sufu ya kondoo huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huungua upesi na kunuka kama karatasi. Akriliki na poliesta huyeyuka, kisha huacha kidonge kigumu. Uzi ule mweupe uliyeyuka na kuacha kidonge cheusi.

Jambo hilo si dogo katika nyumba inayopikia makaa. Sufu halisi haishiki moto kwa urahisi, ilhali uzi wa kiwandani uyeyukapo hugandama kwenye ngozi. Tena sufu huweza kunywa unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuloa. Kwa hiyo askari wa lindo la usiku, awe polisi au mwanajeshi, na atafutiwe soksi na sweta ya ndani ya sufu, hata kama nyuzi nyingine ni rahisi kwa bei. Ila mfuaji ajihadhari: nyuzi za sufu zina magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na maji ya moto pamoja na kusugua huyafanya yashikane, sweta ya baba ikarudi kuwa ya mtoto. Ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikamuliwe kwa kubonyezwa, kisha ilazwe kivulini.

Hatari iliyomnyima usingizi mama huyo ilikuwa nyingine. Mtoto mchanga hutia mkono kinywani, na glovu yenye manyoya humwachia manyoya kinywani na puani. Zaidi ya hayo, uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi au glovu huweza kujizungusha kidoleni, ukakaza, damu isipite. Mtoto hulia asinyamaze, na mama yake humnyonyesha na kumbembeleza bure, kwa sababu kidole kimefichika. Watoto wamekwisha kufikishwa hospitali wakiwa karibu kupoteza vidole kwa uzi mmoja tu. Kabla ya kumvika mtoto, kila soksi na igeuzwe ndani nje, nyuzi zilizolegea zikatwe. Mtoto akilia bila sababu ijulikanayo, avuliwe soksi na glovu, vidole vitazamwe kimoja kimoja. Kikionekana kimevimba au kimebadilika rangi, apelekwe kwa daktari mara moja.

Asubuhi alimwita mteja wake. Kijana yule hakufurahi.

"Mama, hivyo ndivyo nilivyotaka. Watu wote wanapenda uzi huu. Kama hutaki kazi, yupo atakayeifanya."

Mama hakubishana naye. Alizitoa fedha zile zote, akazisukuma upande wa mgeni wake. Kisha akamwomba aloweshe kidole na kukipitisha juu ya kile kipande cha majaribio. Kijana alipokiinua kidole chake na kuona manyoya yaliyokishika, alikitazama kwa muda, kisha akashika tumbo lake.

"Sasa nifanye nini nacho, Mama? Nimekwisha kununua."

"Hakitapotea, mwanangu. Pambo litavaliwa na mama, mtoto atavaa uzi laini."

Ndivyo ilivyokuwa. Kofia, soksi na glovu zilifumwa kwa uzi wa pamba ulio laini. Shali ya mama ilifumwa kwa sufu ya kijivu, na ule uzi wa manyoya ukawekwa kingoni tu, mistari minne kila upande, kwa sindano nene zaidi ili usibanane. Donge moja lilitosha; mawili yakauzwa kwa bei ile ile kwa fundi wa mapambo ya harusi. Hiyo ndiyo kanuni ya sufu ya pambo: ikae ukingoni, kolani au mfukoni, nayo sufu ya kazi ibebe mwili wa vazi. Nayo mifumo iwe rahisi, kwa sababu uzi wenye manyoya huficha maua yote ambayo mfumaji amejisumbua kuyatia.

Sufu ya kazi ina fadhila nyingine. Mtoto akikua, sweta hufumuliwa, uzi hufungwa mafungu, hufuliwa na kuanikwa ukinyooka, kisha hufumwa upya pamoja na donge moja jipya la rangi nyingine. Uzi wa pambo ukikosewa, aghalabu umepotea. Wahenga waliposema akiba haiozi, hata sweta iliyomo sandukuni ilikuwamo katika hesabu yao.

Soko nalo limebadilika. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu zitokazo nje kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia huko bila ushuru. Mfumaji wa nyumbani hawezi kuamua mambo ya mataifa, lakini aweza kuamua ubora wa kazi yake, sasa ambapo sweta kuukuu kutoka ng'ambo si rahisi kama zamani. Na awe na daftari: aandike bei ya uzi, uzito uliotumika, siku alizofuma na kiasi alicholipwa. Asiyeandika siku zake huziuza bure, akadhani amepata faida.

Mtoto alizaliwa salama. Baba yake alipofika likizo, alimkuta mwanawe amevaa kofia ya pamba, na mkewe amejitanda shali yenye ukingo unaometameta. Kabla ya mwezi kwisha, wake wawili wa askari walipiga hodi kwa yule mama kuagiza shali kama ile. Walipomuuliza kama angeweza kuwafumia watoto wao soksi za uzi huo wa manyoya, aliwapa kile kipande cha majaribio na bakuli la maji, akawaacha waloweshe vidole vyao wenyewe.

Viatu vya shule vilinunuliwa wiki hiyo hiyo. Chema chajiuza.