Bustani ya Nyumbani: Ua la Usambara

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani utakuta dirishani kichungu kidogo chenye ua la rangi ya zambarau na majani manene yenye vinyweleo laini. Mwenye nyumba hulitunza kama yai. Lakini ukimwuliza asili ya ua lake, huenda asijue. Asili yake ni kwetu huku Tanga.

Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mkuu wa wilaya aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliliona ua hilo katika mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na tena juu katika Usambara Mashariki. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, bingwa wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Basi jina hilo si la Mtume Paulo, ni la ukoo wa Mjerumani huyo.

Wageni wamelilea kwa zaidi ya miaka 130, na sisi wenyewe twalipita njiani. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Tena kulipanda si kazi ngumu, mradi tujue hali linayoipenda. Huko porini huota juu ya jiwe lenye majimaji, kando ya kijito, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Halipigwi na jua kali, hewa yake ina unyevu, wala maji hayatuami mizizini. Siri yote ndiyo hiyo.

Kwa kuanza yatosha jani moja. Mwombe jirani aliye nalo, au nunua mche kwa wauza maua. Kata jani pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita 3 hivi. Chukua kopo, litoboe chini. Changanya udongo mweusi wa majani yaliyooza, mchanga wa mtoni na nyuzi za makumbi ya nazi. Mchanga wa pwani usitie, wala makumbi yaliyolowekwa baharini, maana chumvi itaua mche. Chomeka kikonyo kikiwa kimelala kidogo, kisha weka kopo barazani karibu na mtungi wa maji, mahali penye mwanga lakini pasipofika jua.

Mwagilia asubuhi, udongo wa juu unapoanza kukauka. Maji yamwagwe udongoni tu. Maji baridi yakigusa majani huyatia madoa, na yakituama, moyo wa mmea huoza. Baada ya miezi miwili hivi utaona vichipukizi chini ya jani. Vikipata nguvu, vitenge, kila kimoja na kopo lake. Ukivitunza vema, vitachanua kabla ya mwaka kwisha.

Lakini kuna neno moja kubwa. Usiende kuling'oa msituni. Aina nyingine za ua hili huota mahali pachache sana, na mti wa kivuli ukikatwa, jiwe hukauka na ua hufa. Kwa sababu hiyo misitu ya Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Na jambo hili si la maua peke yake. Mto Zigi hutoka katika milima hiyohiyo, na maji yake ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani kwa matumizi ya watu wa mjini Tanga. Penye ua la Usambara, kivuli kipo na jiwe lina maji. Likitoweka mahali lilipozoea kuota, mwenye shamba la jirani na aangalie kijito chake.

Basi, baba mwenye shamba kando ya maji, iache miti ya ukingoni isimame. Nawe mama, kopo lako likijaa vichipukizi, usivifiche: mpe jirani jani moja, na umweleze mahali ua hili lilikotoka. Na watoto wafundishwe kwamba ua linalosifiwa na wageni ng'ambo ya bahari ni la kwao.