Sweta si fahari, wazazi wa Handeni

Wadau, Julai ikiingia kwetu Kwedizinga utasikia watu wanalalamika baridi, kisa mtu kalala na shuka. Hiyo si baridi jamani. Baridi ipo Lushoto, na kila mwaka tunawapeleka vijana wetu huko kidato cha tano wakiwa na mashati mawili na ndoo.

Nasema haya kwa sababu yamemkuta mdogo wangu, mtoto wa mjomba. Fomu ya kujiunga iliandika "sweta 1". Mjomba akaguna, "Hizo fahari za walimu, mwanaume na sweta wapi na wapi?" Hela ya sweta ikaongezwa kwenye godoro. Wiki ya tatu kijana akanipigia kwa simu ya mwalimu. Analala na sare, na kipindi cha kwanza anashindwa kuandika, vidole vimekufa ganzi.

Nikafunga safari. Mimi mjanja nikabeba koti zito la mtumba. Korogwe jua, Mombo jua kali zaidi, abiria wananiangalia. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilometa 33 tu, ila kwa kona zile unapanda karibu mita 1,000, na kila mita 100 joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi. Nikafika saa nane mchana, jua linawaka! Koti nikalibeba mkononi kama mtoto mgonjwa. Saa moja jioni nikalivaa bila kuambiwa. Asubuhi ukungu mtupu, ukiongea mdomo unatoa moshi. Kufika saa sita, koti likawa mzigo tena.

Ndipo nikaona kosa letu la pili. Tukishashtuka, tunakimbilia koti moja kubwa. Koti moja ama umelivaa unatoka jasho, ama umelivua unatetemeka, na mwanafunzi akilivua akaliweka kwenye dawati ndiyo basi tena, limeibwa.

Waangalie akina mama wa Kisambaa wanavyoshuka sokoni alfajiri: blauzi, juu yake sweta, juu yake khanga mabegani. Jua likipanda khanga inahamia kiunoni, baadaye sweta linaingia kwenye kikapu. Nguo nyepesi tatu zinashika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. Wao hawajasomea hilo popote.

Kwa hiyo kwenye begi la kijana weka fulana za ndani mbili, shati la mikono mirefu, sweta la sufu na jaketi jepesi la kukinga upepo na manyunyu. Soksi ziwe nyingi. Usisahau mzula na nguo ya kulalia peke yake, maana aliyoshinda nayo ina jasho, na jasho usiku linageuka barafu. Vyote hivi ukichambua mtumba pale Manundu, Korogwe, unavipata bila kuuza mbuzi.

Ila lawama si za mjomba peke yake. Nilimnunulia dogo sweta la bluu, zuri kabisa. Kesho yake likachukuliwa, eti si rangi ya shule. La rangi ya shule linauzwa hapohapo shuleni, kwa bei mara tatu ya lile langu! Sipingi sare. Lakini shule iliyoko mlimani ingeandika kwenye fomu kwamba asubuhi kuna baridi na mchana kuna jua, ili mzazi wa Handeni aelewe hilo neno "sweta" limefuata nini. Na usiku bwenini, mtoto avae chochote alichonacho. Nilimweleza hivyo mwalimu mmoja ofisini, akanijibu sheria ni sheria. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta, na jaketi juu yake.

Dogo sasa anavaa fulana mbili chini ya shati, hakuna anayeziona. Binti wa mjomba naye kapangiwa hukohuko mwaka huu. Juzi mjomba kanipigia, ananiuliza mtumba wa Manundu wanafungua balo siku gani.