Roboti ya kupanda pilone: itashika nini kama chuma zimeibwa?

Line kubwa ya umeme inayotoka Inga mupaka Kolwezi iko na urefu wa kilometa karibu 1.700. Inafanya kazi tangu 1982, na migodi ya huku Katanga inaitegemea. Kwa kukaguliwa vizuri, pilone inaomba mutu apande juu na mukanda kiunoni. Njo pale wengine wanauliza: kwa nini tusitume roboti?

Inchi zingine zimeanza. Kanada, kampuni ya umeme Hydro-Québec ilitengeneza LineScout, roboti inayotembea juu ya waya bila kuzima kura. Ikikuta kizuizi, inanyoosha mikono, inashika upande wa pili, kiisha inavuka. Kamera yake inamuonyesha fundi aliye chini mahali waya imeharibika.

Lakini pilone si waya. Imejengwa na vipande vya chuma vyenye kona, vile tunaita kornieri, vimefungwa na boloni. Roboti yenye sumaku inakwama kwenye boloni, na kwenye kutu sumaku haishike vizuri. Ile yenye mikono inapashwa kushika kipande kimoja mbele ya kuachilia kingine. Batri ikiisha, mikono ibaki imefunga, isianguke. Na batri yenyewe ni muzigo wa kupandisha.

Hapa kwetu kuna jambo lingine: kornieri zinaibwa. Wezi wanazifungua na kuziuzisha. Roboti inanyoosha mukono kwa kipande chenye kiko kwenye plani, kumbe hakiko. Fundi naye yuko katika hatari ile ile, juu ya pilone iliyolegea. Ikianguka, kura inaweza kukatika mupaka huku.

Mimi naona hivi. Mwizi anaanza na chuma za chini, pale mukono wake unafika. Hizo mutu wa kijiji anaziona kwa macho yake, akipita kwa miguu. Haziombi roboti, zinaomba mulinzi anayelipwa kila mwezi, na simu ambayo mutu anaipokea. Roboti ipewe kazi ya juu: isolateri, boloni zilizolegea, kutu. Tena kwanza ya kuangalia tu. Roboti ya kukaza boloni ni nzito na bei kali. Ya kubeba kamera ni nyepesi, na mafundi wetu wanaweza kuijaribu.

Hawaanzie kwa sifuri. Tangu 2013 Kinshasa ilipata roboti za rulaje, kazi ya mama injenia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Ila zile zinasimama chini kwenye barabara. Ikiharibika, fundi anafika na ngazi. Ile ya pilone ikikwama kule juu, nani ataishusha? Ni yule yule fundi wa mukanda. Kwa hiyo, mbele ya roboti ya kwanza kupanda, kornieri za chini zirudishwe.