Redio Moja kwa Nyumba Nzima



Kila skuli zinapofungwa, akina mama hutuletea swali lile lile kwa maneno mbalimbali: watoto wacheze nini, na je, mchezo una nafasi katika nyumba ya Kiislamu? Wako waliokwisha kujijibu kwamba dini haina mchezo, wakamnyima mtoto kila kitu. Wako nao wampao simu ili anyamaze, chakula kipate kuiva. Makundi haya mawili yaonekana kupingana, lakini kwa mtazamo wetu yamekosa jambo moja. Wiki hii twataka kulieleza jambo hilo kwa kurejea utoto wetu hapa Gachoka. Hatusemi kwamba zama zetu zilikuwa bora. Zilikuwa na njaa na maradhi yake. Lakini yale yaliyotufurahisha tukiwa wadogo yalitufunza mengi kabla hatujajua kuwa twafunzwa.

Tuanze na msingi. Dini haikuuchukia mchezo wa mtoto. Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, na wenziwe wakija kucheza naye nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, naye Mtume (s.a.w.) akamsitiri mkewe atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Na mtoto Abu Umayr alipofiwa na kidege chake, Mtume (s.a.w.) alimuulizia habari za kidege kile kwa upole na bashasha. Aliyebeba mzigo wa umma mzima alipata nafasi ya kumliwaza mtoto mmoja kwa ajili ya kidege.

Kisha tutazame kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Ndugu zake walipotaka kumtoa mikononi mwa baba yao, hawakutaja kazi wala biashara. Walimwomba aende nao afurahi na kucheza. Nabii Yaaqub (a.s.) hakuwajibu kwamba mchezo ni haramu. Alichokihofu ni mbwa-mwitu amle mwanawe hali wao wameghafilika naye. Hapa pana mazingatio makubwa kwa mzazi. Hofu ya baba yule haikuwa juu ya mchezo wenyewe. Ilikuwa juu ya mghafala wa wale waliopewa mtoto. Na hilo ndilo jambo ambalo makundi yetu mawili yamelikosa. Mmoja aukataza mchezo, mwingine auachilia, na wote wawili hawapo pale mtoto anapocheza.

Sasa turudi Gachoka. Kwa wasomaji wetu wa Pwani wasioijua, Gachoka iko Embu, upande wa Mbeere, nchi ya jua kali, mtama, pojo na mbuzi. Chini yetu wapita Mto Tana, na katika mto huo serikali ilijenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ule ulichukuliwa kwa nyaya kubwa kwenda kuwasha miji ya mbali. Sisi tuliokuwa karibu na mabwawa tulisoma kwa koroboi.

Kwa hivyo redio ya nyumbani kwetu ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa ghali. Zikidhoofika, zilianikwa juani mchana kutwa, na jioni zikapata uhai kidogo tena. Hatukuweza kusikiliza kila kitu. Ilibidi tuchague: taarifa ya habari, salamu, na kipindi kimoja au viwili, kisha redio izimwe. Uchache ule ulitufunza kuchagua. Mtoto alijua kwamba saa moja ya kusikiliza ina thamani yake, na kwamba ukiitumia kwa upuuzi leo, kesho utakosa unachokipenda.

La pili, redio ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Baba alisikia tunachokisikia, na mama naye, yu jikoni, alisikia. Jirani asiye na redio alikuja na kigoda chake. Likipita neno lisilofaa, mtu mzima alikohoa, nasi tukaelewa. Likipita neno zuri, lilirudiwa na kuelezwa. Hakuna aliyepanga utaratibu ule kuwa malezi, lakini ulikuwa malezi hasa, kwa sababu masikio ya mkubwa na ya mdogo yalikuwa mahali pamoja.

Katika vipindi vya Sauti ya Kenya, kimoja hakisahauliki na watu wa rika letu: Je, Huu ni Uungwana? cha marehemu Leonard Mambo Mbotela. Kilianza mwaka 1966 na kikadumu kwa zaidi ya miaka 50. Mtangazaji alitaja jambo dogo la kila siku, namna watu wanavyokaa, wanavyozuriana, wanavyosemezana, kisha akauliza lile swali lake. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliuliza, msikilizaji akajitazama. Mbotela alifariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, na wengi wetu tulihisi kama aliyeondoka ni mjomba aliyetulea bila kutujua.

Wachache hukumbuka neno uungwana lilikotoka. Katika miji yetu ya Pwani zamani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Lilikuwa neno la nasaba. Wazee wake Mbotela ni watu wa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. James Mbotela, wa ukoo huo, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Basi mtu wa kizazi cha waliokombolewa utumwani ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti miaka hamsini akiuliza taifa zima kama lina uungwana. Kwa swali lile neno liliondoka katika damu likaingia katika matendo. Hakuwa wa dini yetu, na wema wake haupunguki kwa hilo, kwani Qur'ani yetu yenyewe yafundisha kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchamungu zaidi, wala si mwenye kabila fulani. Wale kati yetu ambao bado huuliza posa ya binti yatoka mlango gani kabla ya kuuliza tabia ya kijana, wana haja ya kuulizwa swali lile tena.

Nyumbani kwetu swali lilitoka redioni likaja kukaa sinia moja nasi. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua kipande kikubwa kabla ya mgeni, mama alisema tu, "Je?" Hakulazimika kumaliza. Mkono ulirudi wenyewe. Tumewasikia mawaidha mengi marefu tangu siku hizo, na machache yaliyofanya kazi kama silabi ile moja.

Tulipopelekwa Pwani kusoma chuoni, tulikuta furaha nyingine. Usiku, baada ya kudurusu, wanafunzi wakubwa walitutegea vitendawili. Wambeere nao wana vitendawili na ngano zao, ambazo Profesa Ciarunji Chesaina alizikusanya pamoja na za Waembu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1997. Lakini Pwani tulipenda kanuni ya mji. Anayeshindwa kutegua hutoa mji. Mtegaji huupokea, huutembelea kwa maneno ya mbwembwe, kisha ndipo hutoa jibu. Kwa hiyo mtoto hakuona haya kusema, "Sijui, chukua mji." Alilipa kwa kicheko, akapata elimu. Baadaye katika vitabu tulikutana na maulamaa wakubwa waliokuwa wepesi wa kusema hawajui, nasi hatukushangaa, kwani tulikwisha kuuzoea mlango huo mchezoni. Leo twaona vijana ambao kila jibu li kiganjani mwao, nao waona aibu kubwa kutojua. Mtu asiyeweza kusema hajui ni vigumu kufundishwa.

Sasa tuje kwenye linalotuuma. Zamani Pwani iliiletea Gachoka, kwa njia ya redio, mazungumzo ya uungwana. Leo Gachoka na majirani zake wajulikana Pwani kwa jambo jingine, nalo ni muguka. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku jani hilo; wakulima wa Embu wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri zile. Sisi tunaoishi huku twakaa na wakulima hao, na twajua ada za skuli za watoto wangapi hutoka katika miti hiyo. Twawajua pia akina mama wa Pwani waliokuja kutulilia kwa sababu ya wana wao. Machozi yao ni ya kweli, na shida ya mkulima ni ya kweli.

Lakini tujiulize: kijana wa miaka kumi na minne huenda maskani kutafuta nini? Kwa tuliozungumza nao, jani halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuwa baraza. Pale pana mzaha, pana hadithi, pana mtu wa kumsikiliza. Vitu hivyo vyote vilikuwa vikipatikana nyumbani, sebuleni au kizingitini, baina ya magharibi na kulala. Tulipoviondoa nyumbani, kila mmoja akaingia na simu yake chumbani, mtoto alivifuata vilikohamia. Marufuku ya serikali yaweza kuondoa jani. Haiwezi kumrudishia mtoto baraza ya nyumbani kwao. Hiyo ni kazi yetu, baba na mama, na baba tumtaje kwanza, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye asiyekuwapo.

Kwa hivyo nasaha zetu ni chache, na hazina gharama. Kwanza, pawe na saa moja jioni ambapo simu zote za nyumba, ya baba ikiwamo, zawekwa mahali pamoja. Saa hiyo iwe ya vitendawili, visa vya Mitume na habari za wazee. Msiofahamu vitendawili, mwiteni bibi, atafurahi kuhitajiwa. Pili, mtoto akitazama kitu katika simu, mara nyingine mtazame pamoja, kisha mumuulize swali moja tu: je, huu ni uungwana? Msimpe jibu. Mwacheni atafute. Tatu, mpeni mtoto idadi badala ya kumpa wazi: kipindi kimoja, na achague mwenyewe. Atakayezoea kuchagua kipindi leo atajua kuchagua marafiki kesho, in shaa Allah.

Wala tusiwaambie watoto wetu kwamba furaha zao ni upuuzi na zetu zilikuwa hekima. Hata redio, wako wazee wa siku zile waliodhani yatuharibu. Kilichotusalimisha ni kwamba walikaa nayo pamoja nasi. Simu nayo yaweza kuwa na kheri ikiwa mzazi yu karibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotuanikia betri juani, azijaalie nyumba zetu ziwe na mazungumzo na utulivu, na atuhifadhie wana wetu wasije wakaliwa hali sisi tumeghafilika nao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.