Maji ya moto na deni la mwalimu

Wahenga walinena kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Walisema kweli, kwa kuwa maji waliyoyajua wao yalikuwa ya chungu na mafiga. Hawakuijua rejeta ya lori la dizeli linalovuta trela likipanda kuelekea Timboroa. Maji ya humo hayachomi nyumba pia, lakini humchoma mtoto wa mtu, nami nimeshuhudia.

Mnamo Agosti 2023 nilipewa nafasi katika lori la jirani yangu lililokuwa likipeleka saruji Eldoret. Nilikuwa na makasha ya vitabu vya shule ya kijijini kwetu, na gharama ya kuyasafirisha kwa basi ilikuwa imenishinda. Ndani ya kebini tulikuwa watatu: dereva, mtu wa makamo aliyeijua barabara hiyo kama kiganja chake, utingo wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na mimi, mwalimu wa isimu. Tulipoiacha Nakuru na kuanza kupanda, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda pamoja nasi. Kabla hatujafika Timboroa mvuke ulikuwa umetanda mbele ya kioo, na dereva akaegesha kando ya barabara.

"Gari limechemka," alisema. Utingo alikuwa ameshashuka na dumu la maji na kipande cha kitambaa. Nilimwona akikishika kifuniko cha rejeta. Nilijua kwamba jambo hilo halifai, maana niliwahi kuisoma Fizikia kabla sijaiacha nikaifuata isimu. Hata hivyo nilinyamaza, nikijiambia kuwa mambo ya magari yana wenyewe. Kifuniko kilipofunguka, maji yaliruka kupita kichwa chake, yakamwangukia mkononi na shingoni.

"Mwalimu, nishikie mtoto!" dereva alipiga kelele. Tulisimamisha matatu iliyokuwa ikipita, nikampeleka kijana katika zahanati ya karibu. Alipotulia nilimuuliza kama hakufundishwa shuleni habari za kanieneo na kuchemka kwa maji. Jibu lake halijaniondoka hadi leo: "Nilifundishwa, Mwalimu. Nilipata hata alama nzuri. Lakini hayo yalikuwa ya mtihani, na yalikuwa ya Kiingereza."

Alichofundishwa ni nini? Maji yaliyo wazi pwani ya Mombasa huchemka yakifika digrii 100. Timboroa ni mahali palipoinuka takriban mita 2,700 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa karibu na digrii 91 tu. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoyabana maji ili yasichemke upesi, hata yaweze kufika kiasi cha digrii 110 yakiwa bado maji. Ukikifungua ghafla, kanieneo huondoka, na maji yaliyopita kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke papo hapo na kuruka. Dawa ni subira: ngoja nusu saa au zaidi hadi uweze kuigusa rejeta kwa mkono bila kuungua, kisha ulegeze kifuniko polepole kwa kitambaa kizito, uache mvuke utoke kwanza. Wala usiimiminie maji baridi injini iliyowaka joto, kwani hedi ya silinda yaweza kupasuka.

Lakini hiyo ni namna ya kunusurika tu. Kwa nini lori lilichemka? Hapa ndipo neno "limechemka" linapotudanganya. Kuchemka kwa injini ni kama homa: ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Anayeongeza maji akaendelea na safari ni sawa na mganga anayempepea mgonjwa wa malaria.

Injini inayovuta trela mlimani huchoma mafuta mengi, na sehemu kubwa ya joto hilo sharti iondolewe na maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Wakati huo huo lori huenda polepole, kwa hiyo upepo unaopita katika rejeta hupungua. Kazi yote huachiwa feni. Fundi aliyekuja kutusaidia alikuta maradhi matatu. Kwanza, matundu ya rejeta yalikuwa yamezibwa na tope kavu na mbegu za nyasi; aliyasafisha kwa kuyapiga maji kutoka upande wa injini kuelekea nje. Pili, mkanda wa feni ulikuwa umelegea ukiteleza. Tatu, dereva mwenyewe alikuwa ameing'ang'ania gia ya juu, kwa kuwa mwenye gari alimwamuru abane matumizi ya dizeli. Injini inayokokota mzigo kwa mizunguko michache huzungusha pampu ya maji na feni kwa uvivu, ilhali ndani yake moto ni mwingi. Yafaa gia ishushwe mapema kabla ya kilima, injini izunguke kwa wepesi, na mguu usikandamize mafuta kupita kiasi. Fundi alitaja na mengine ya kuchunguzwa: themostati iliyokwama, kifuniko chenye springi iliyochoka, na kutu iliyogandamana ndani ya rejeta kwa kutumia maji ya mtoni badala ya maji maalumu ya rejeta.

Yote hayo fundi aliyaeleza kwa Kiswahili bila kusitasita. Labda msomaji atauliza mwanaisimu anatafuta nini katika makanika ya watu. Natafuta jibu kwa wale wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Rejeta, gasketi, pampu, feni na geji yameingia katika lugha, yakapata ngeli na viambishi, bila idhini ya kamati yoyote. Na waliotaka ya kitaaluma waliandikiwa zamani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maneno tunayo. Tunachokosa ni daraja kati ya darasa na barabara.

Sisemi kwamba Kiingereza kifukuzwe shuleni, la hasha. Nasema kwamba maarifa yanayojua lugha moja tu hubaki pale lugha hiyo inapokomea, na aghalabu lugha ya mtihani hukomea kwenye lango la shule. Kijana yule alikuwa na elimu kichwani na kifuniko mkononi, na viwili hivyo havikuwahi kujulishana.

Basi nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa Kiswahili walipeleke darasa penye basi la shule, injini ikiwa baridi, wakamwite dereva aeleze kila sehemu kwa maneno yake. Kisha wanafunzi waandike insha: mweleze utingo kwa nini asifungue rejeta ya moto. Insha hiyo isomwe na utingo mwenyewe. Akiielewa, mwanafunzi amefaulu somo mbili.

Kijana alipona, ijapokuwa kovu limebaki shingoni. Angali utingo, na dereva huniambia kwamba siku hizi huketi kando ya gari akingoja lipoe, hata mwenye mali apige simu mara ngapi. Amejifunza kwa ngozi yake jambo ambalo angelipata kwa sentensi moja. Sentensi hiyo nilikuwa nayo mimi, kwa Kiswahili sanifu, nikakaa nayo kimya kebinini. Deni hilo ni langu.